Mchele wa Goma, Mahindi ya Kwetu: Kumkumbuka Mwenyeheri Floribert Bwana Chui

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei, Dodoma



Waheshimiwa mapadre na watawa, makatekista, wajumbe wa halmashauri za walei, viongozi wa WAWATA na wa vijana, wenyeviti wa Jumuiya Ndogondogo, na ninyi nyote mliotoka vigango vya mbali mkaanza safari kabla jogoo hajawika: tunawashukuru kwa kuja. Tunajua kwamba huu ni wakati wa mavuno, na kwamba kila siku ambayo mtu anakaa semina ni siku ambayo mtama wake umebaki shambani peke yake na ndege.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mlei mmoja wa nchi jirani ya Kongo, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26, na ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Tulipolitaja jina hili kwa mara ya kwanza katika mafundisho ya Kipaimara, watoto walicheka, wakauliza kama yupo pia Mwenyeheri Bwana Simba. Tuliwaacha wacheke. Ni jambo jema mtu wa Mungu kuwa na jina ambalo mtoto wa Chamwino analielewa bila kutafsiriwa. Kijana huyu alizaliwa, alifanya kazi na aliuawa katika mji ambao watu wake husali, hugombana na hupatana bei kwa Kiswahili.

Yatupasa tuseme mapema kwamba hatukumjua kwa macho. Hata hivyo tumejizoesha kumwita mwenzetu, wala si kwa kujipendekeza. Kazi aliyoifanya, yaani kazi ya mlei aliye katikati ya ofisi na soko, ndiyo kazi mliyotumwa ninyi. Tena ipo sababu nyingine, inayohusu daftari moja la kigango chetu, ambayo tutaifikia baadaye. Si habari ya kujivunia.

ALIKUWA NANI

Floribert alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Mji wa Goma uko kando ya Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda, chini ya mlima wa moto uitwao Nyiragongo. Mwezi Julai 1994, yeye akiwa na miaka 13, wakimbizi kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka na kuingia huko katika muda wa siku chache tu, na kipindupindu kikawafyeka. Baadaye zikaja vita mbili, ya 1996 na ya 1998. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ukalipuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji, ukazika nyumba na maduka. Mtu aliyekulia katika mazingira kama hayo angeweza kabisa kutoka na somo moja tu, kwamba kila mtu ajiokoe mwenyewe.

Yeye alitoka na somo jingine. Alisomea sheria, na mwaka 2001 akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ilianzishwa Roma mwaka 1968 na kijana Andrea Riccardi pamoja na wanafunzi wenzake wa sekondari. Ni jumuiya ya walei inayoshika mambo matatu: sala, maskini na amani. Wazee watakumbuka kwamba ndiyo iliyowapatanisha serikali ya Msumbiji na wapiganaji wa Renamo, hata mkataba ukatiwa saini huko Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Huko Goma kazi yao ilikuwa ndogo zaidi kwa kuitazama. Waliwaendea watoto wa mitaani, ambao watu wa huko huwaita maibobo, watoto ambao vita na umaskini viliwatoa majumbani, wakawa wanalala vibarazani na kula kinachopatikana. Floribert alikuwa mmoja wa waliowafuata watoto hao walikokuwa, akakaa nao, akawafundisha, akasaidia kuwarudisha shuleni.

Tunaomba mlishike jambo hili la maibobo, kwa kuwa ndilo litakalotusaidia kuelewa yaliyofuata. Mara nyingi habari zake husimuliwa kuanzia kwenye rushwa aliyoikataa, kana kwamba siku moja kijana wa kawaida alizuka akawa shujaa. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kadhaa kabla ya siku ile alikuwa ameshinda na watoto ambao chakula cha bei ya chini kabisa sokoni ndicho chakula chao.

Hakuwa mtawa, wala hakuwa mtu aliyeuchukia ulimwengu. Alikuwa kijana msomi mwenye ajira nzuri, aliyetarajia kuoa, mwenye ndoto za kuitumikia nchi yake. Tunalisema hili kwa ajili ya vijana wetu waliokaa nyuma pale, wanaodhani kwamba utakatifu ni kazi ya wale waliochoka na maisha.

MAGUNIA YA MCHELE

Floribert aliajiriwa na Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, ijulikanayo kwa kifupi OCC, ambayo ni chombo cha serikali kinachokagua ubora wa bidhaa. Baada ya kukaa kwa muda Kinshasa alirudi Goma mwaka 2007, akapewa dhamana ya kushughulikia bidhaa zilizoharibika. Maana yake, mzigo ukifika mpakani umeoza, yeye ndiye aliyepaswa kusema kwamba umeoza. Bila neno lake mzigo haupiti, na kwa neno lake unateketezwa.

Ulikuja mzigo wa mchele kutoka ng'ambo ya mpaka. Aliukagua, akaona kwamba umeharibika na haufai kuliwa na binadamu. Wenye mzigo wakaleta fedha. Kwanza zilikuwa dola 1,000, kisha zikaongezwa. Zikaja simu na maneno ya kumshurutisha, hata kutoka kwa watu wenye mamlaka. Akakataa, na mzigo haukupita.

Katika siku hizo alimweleza mambo haya sista mmoja rafiki yake, ambaye ni daktari. Kwa ushuhuda wa sista huyo tunajua alivyokuwa akiwaza. Fedha ile, alisema, ingekwisha upesi, lakini wale ambao wangekula chakula kile wangekuwaje? Akajiuliza kama anaishi katika Kristo au haishi katika Kristo, akaona kwamba ni afadhali kufa kuliko kuipokea fedha ile. Tafadhali angalieni mpango wa mawazo yake. Hakuanza na sheria za nchi, ingawa alizisomea, wala hakuanza na heshima ya ofisi yake. Alianza na walaji.

Jumamosi tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara alipokuwa akitoka dukani. Jumatatu tarehe 9 Julai mwili wake ulikutwa umetupwa, ukiwa na alama za mateso. Alikuwa amefikisha miaka 26 mwezi mmoja tu kabla.

Wenzake wa jumuiya waliendelea kumkumbuka kila mwaka katika sala, kwanza kwa sauti ya chini, kama mji ule ulivyowalazimu. Polepole habari zake zikavuka mipaka. Tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, alimtaja Floribert mbele yao, akawakumbusha kwamba angeweza kuuachia mzigo ule na hakuna ambaye angejua. Tarehe 25 Novemba 2024 aliidhinisha hati ya kuutambua ufiadini wake. Ilikuwa ifae sherehe ya kumtangaza Mwenyeheri ifanyike Goma, nyumbani kwao, lakini tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji huo ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Hivyo sherehe ikafanyika Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro.

Wapo wanaouliza: je, huu ni ufiadini kweli? Mashahidi wa Uganda waliamriwa waiache dini yao wakakataa, na hapo mambo yako wazi. Floribert hakuna aliyemwambia aikane Imani. Waliomwua walitaka mchele upite, na katika nchi kama ile haitakuwa ajabu kama wao pia walibatizwa. Kanisa limejibu kwamba mtu anayechukia haki ambayo mwenzake anaitenda kwa ajili ya Kristo amemchukia Kristo mwenyewe. Jibu kama hilo lilitolewa pia kuhusu mlei mwingine kijana, hakimu Rosario Livatino wa kisiwa cha Sicilia huko Italia, aliyeuawa na genge la mafia tarehe 21 Septemba 1990 akiwa na miaka 37, akatangazwa Mwenyeheri tarehe 9 Mei 2021. Mmoja alikuwa na kalamu ya mahakama, mwingine kalamu ya ukaguzi. Sisi tunaona kwamba Kanisa limefanya vizuri kuziweka kalamu hizi karibu na altare.

SWALI LA MZEE

Tulipoisimulia habari hii katika jumuiya yetu kwa mara ya kwanza, mzee mmoja alisimama akauliza kwa heshima, lakini kwa uchungu. Alisema: "Huyu ni mtoto wa mtu. Mama yake alimlea miaka 26. Amekufa kwa sababu ya magunia ya mchele, ambayo huenda kesho yake yamepita kwa njia nyingine. Kama angeyaacha yapite, angeishi, angeoa, angewasomesha hao watoto wa mitaani miaka arobaini. Je, hapo Mungu angepata hasara?"

Akaongeza jambo ambalo mgeni asingeliongeza. Alitukumbusha habari za Mtunya, njaa kuu iliyoipiga Ugogo kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wadachi na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosa. "Bibi zetu," alisema, "walikula mizizi, walikula walichookota. Mwenye njaa hachagui. Ninyi mnatuhubiria juu ya mchele mbovu, je, mmewahi kulala njaa?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Kiongozi wa jumuiya alifunga kikao kwa sala, watu wakaondoka wakizungumza njiani. Tangu hapo swali hili limekaa nasi, na tunadhani kwamba lina sehemu mbili ambazo hazifanani.

Sehemu ya kwanza ni ya mama, na hiyo hatuigusi. Hakuna hesabu itakayomlipa mama. Tunawaomba wahubiri wetu wasiharakishe kumwambia mzazi aliyefiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwa maana Mungu hakumteka mtu nyara Jumamosi ile.

Sehemu ya pili ni ile ya mwenye njaa asiyechagua. Mzee amesema kweli kabisa: mwenye njaa hachagui. Lakini tukitafakari tunaona kwamba hii ndiyo sababu yenyewe ya kuwepo mtu wa kuchagua kwa niaba yake. Mama anayenunua kibaba cha mchele jioni sokoni Goma, kwa fedha aliyoipata mchana ule ule, hana maabara wala hana nafasi ya kuuliza gunia limetoka wapi. Aliweka uchaguzi wake mikononi mwa kijana wa ofisi ya ukaguzi bila hata kumjua. Kijana yule akiuza saini yake, hauzi kitu chake. Anauza uchaguzi wa yule mama. Nabii Amosi aliwakaripia watu wa aina hiyo zamani sana, waliopunguza kipimo, waliochezea mizani, na waliowauzia maskini takataka za ngano, na kwa maneno yake inaonekana kwamba nao walikuwa watu wa dini, waliosubiri kwa hamu Sabato iishe ili wafungue maghala.

DAFTARI LETU

Sasa tufike kwenye daftari.

Mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati nchi ilipokuwa katika upungufu mkubwa wa chakula kwa sababu ya ukame, kigango chetu kilipokea mahindi ya msaada. Walioyaleta hatuwataji. Watu watano kati yetu tuliteuliwa kushuhudia upokeaji na kutia saini. Lori lilifika jioni, dereva akiwa na haraka ya kurudi kabla ya giza. Magunia ya juu yalikuwa mazuri. Tulipofika ya chini tulikuta yameloa, na mahindi yameshikana mabonge, yana ukungu wa kijani na harufu ile ambayo kila mkulima anaijua.

Hakuna aliyetupa rushwa, na tungependa jambo hili lieleweke vizuri. Tulipewa soda moja moja, kama wapewavyo wageni. Tuliambiwa kwamba tukiandika maneno mengi kwenye hati, mzigo wote utarudishwa na watu watalala njaa kwa sababu yetu. Tuliambiwa neno lile lile la mzee, kwamba mwenye njaa hachagui, ila safari hii lilitoka mdomoni mwa mtu aliyeshiba. Tukatazamana. Tukatia saini kwamba tumepokea mzigo wote ukiwa katika hali nzuri.

Mmoja wetu hakuridhika. Alikuwa katibu wa kamati yetu, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka 24, binti aliyetufundishia watoto Katekisimu kila Jumamosi bila kukosa, na ambaye akiona mtoto amekuja hajala alimgawia uji wake mwenyewe. Familia yake imetuomba tusimtaje jina, nasi tunaheshimu. Aliomba tuandike habari za magunia ya chini. Sisi tuliomzidi umri tukamwambia asubiri, tutalizungumza na paroko. Hatukulizungumza.

Magunia yaliyoloa tuliyagawa mwisho. Nani hupokea mwisho? Ninyi mmegawa vyakula, mnajua. Hupokea mwisho bibi asiye na kijana wa kumtuma apange foleni, mlemavu, na mjane anayekaa mbali na barabara. Hatukurudi kuuliza kama kuna aliyeumwa.

Dada yetu yule alifariki mwaka 2012 kwa maradhi ya muda mfupi, akiwa na miaka 30. Tulimzika kwa nyimbo nyingi na hotuba nyingi. Tulisema kwamba alikuwa mpole, alikuwa mtiifu, alilipenda Kanisa. Kuhusu jioni ile ya lori hakuna aliyesema neno.

Kisha ukaja mwaka 2016. Kati ya mwezi Mei na miezi iliyofuata, watu katika wilaya za Chemba na Kondoa, na Kiteto upande wa Manyara, walianza kuumwa ugonjwa usioeleweka. Walitapika, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji, na wengi wao walikuwa watoto. Palikuwa na wagonjwa zaidi ya 60, na wapatao 20 walikufa. Wataalamu waligundua kwamba ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina ladha, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Huko Chemba na Kondoa hapakuwa na mlanguzi wala mtoa rushwa. Kwa sehemu kubwa yalikuwa mahindi ya watu wenyewe, yaliyokaushwa chini na kuwekwa katika maghala ya nyumbani. Hatutaki mtu atoke hapa akisema kwamba tumefananisha wale wazazi na wafanyabiashara wa Goma. Lakini habari zile zilipotangazwa redioni, wanne tuliobaki tulikumbuka ile harufu.

Tulikwenda ofisini tukalitafuta daftari la mwaka 2006. Saini zetu tano zilikuwepo. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kwa mwandiko wa mwalimu, palikuwa na maneno machache: magunia 17 ya chini yameloa na yana ukungu, nimewaambia wazee. Na tarehe.

Aliandika kwa penseli kwa sababu tulimkataza kutumia kalamu.

KAZI NA UTUME NI KITU KIMOJA

Ndiyo maana tuliposoma habari za Floribert tulisoma kama watu wanaosoma barua waliyotumiwa zamani. Dada yetu aliweza kuliona gunia la chini kwa sababu zile zile. Alikuwa anawajua watoto kwa majina, na alijua ni yupi huja bila kula. Sisi wengine tulikuwa tunaijua hati.

Katika parokia zetu tumezoea kuvigawa vitu hivi viwili. Utume ni kuimba kwaya, kusomea wagonjwa sala, kuchangia ujenzi, kuongoza jumuiya. Kazi ni mahali pa kutafutia mkate, na huko kila mtu anajua mwenyewe anavyoishi. Mtu anaweza kuwa mweka hazina mwaminifu wa jumuiya, hata shilingi mia haipotei, na siku ya Jumatatu akaitia saini yake kwenye mzani usio sahihi. Hatusemi kwa kumnyooshea kidole mtu. Tumekwisha kuwaambia kwamba saini zetu zipo.

Jambo hili linaihusu Dodoma ya leo kuliko ile tuliyoijua utotoni. Tangu lilipotolewa tangazo la Julai 2016 la Serikali kuhamia hapa, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, misa zetu za Jumapili zimejaa watumishi wa umma. Tunao humu wakaguzi, wahasibu, maofisa ugavi, maofisa ardhi, wauguzi, madereva wa viongozi. Wengi ni Wakristo wema wanaotoa zaka kwa moyo. Kwa upande mwingine tunao wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, ambako malori hujaza mahindi kwenda mikoa na nchi nyingine, na wengi wao husali nasi vilevile. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, katika taarifa yake ya mwaka 1996, ilitenganisha rushwa ya wenye shida na rushwa ya wenye tamaa. Utenganisho huo ulikuwa wa haki. Ila tumeona kwamba kuna kitu cha tatu ambacho hakina hata jina la rushwa, yaani kunyamaza kwa adabu. Hapo fedha haitembei. Inatembea soda.

Basi tumejaribu kufanya nini? Mambo madogo. Tangu mwaka 2016 hatupokei mzigo wa chakula bila kushusha gunia la chini kwanza na kulifungua. Hali ya mzigo huandikwa kwa kalamu ya wino, mbele ya aliyeuleta, na kijana mmoja wa kamati lazima awe kati ya watia saini, tena yeye hutia saini kwanza, kabla ya wazee, ili asibanwe na saini zetu. Lori moja lilirudishwa na magunia yake, na ilituwia vigumu kwa sababu baadhi ya watu walikwisha kuja na ndoo. Tulitukanwa. Wiki mbili baadaye uliletwa mzigo mwingine, mzuri, ingawa pungufu. Tumejifunza pia kuwafundisha wanajumuiya kukausha mahindi juu ya turubai au kichanja badala ya kuyamwaga ardhini, kuchambua punje zilizobadilika rangi kabla ya kusaga, na kutowapa kuku wala wanadamu zile zilizotupwa. Bibi afya wa kata huja kutusaidia. Akina mama wa WAWATA wameifanya kazi hii vizuri kuliko sisi tulioianzisha.

Wapo pia wale wa magunia 17. Orodha ya wagawiwa wa mwaka 2006 ilikuwa bado imekunjwa ndani ya daftari, na wale wa mwisho kwenye orodha ni kaya 22. Tumezitafuta. Kaya 9 tumezikuta, nyingine zimehama, na katika nyingine waliopokea wamekwisha kufariki kwa uzee au kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka. Tumekaa nao, tumewaeleza tulichokijua jioni ile na hatukukisema. Bibi mmoja alituambia kwamba aliyatambua mahindi yale yameharibika mara tu alipofungua, akayaosha mara tatu, akapika, kwa sababu wajukuu walikuwa wanalia. Alitutazama kwa muda mrefu. Hakutulaani, na hakusema kwamba ametusamehe. Akaagiza tuletewe viti.

Kaya 13 bado hatujazipata. Kama kuna mtu wa kigango cha jirani anayejua walikohamia watu wa upande wa korongo, baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2009, tunaomba atuone wakati wa chakula cha mchana. Orodha tunayo hapa mezani.

Tutapokea maswali sasa. Wale wenye kuwahi basi watangulie kuuliza.